Tangi la lita 75 la Mwalimu: samaki sita wa pupa na wanne waliokaa

Mwalimu alinipigia simu mwezi wa Februari, siku ya kumi na mbili tangu ajaze tangi lake la samaki wa baharini. "Mwanangu, samaki wangu wanakufa mmoja mmoja, na maji ni meupe kama ya kunywa. Njoo uone." Ni mwalimu mstaafu wa jiografia, anaishi Mombasa upande wa Nyali, na tangi alilinunua awe na kitu cha kutazama na wajukuu. Nikaenda jioni ile ile.

Tangi lilikuwa sebuleni: urefu sentimita 60, upana 35, kimo 36. Ukizidisha unapata lita 75 na ushei, lakini ndani kuna mchanga na mawe, kwa hiyo maji yenyewe ni lita 60 hivi. Naomba msomaji aishike hiyo 60, kwa sababu karibu kila kilichotokea kinarudi pale. Siku ya nne baada ya kujaza, Mwalimu aliingiza samaki sita kwa mpigo: kangaja mmoja wa buluu mwenye pezi la njano mgongoni (Acanthurus leucosternon), kitatange mmoja, samaki msafishaji mmoja yule mwembamba mwenye mstari mweusi ubavuni, klauni mmoja wa kahawia mwenye mikanda miwili myeupe na mkia mweupe (Amphiprion allardi), na domino wawili weusi wenye madoa matatu meupe.

Nilipofika, kitatange na msafishaji walishakufa. Kangaja alikuwa amejaa punje nyeupe mwili mzima, kama aliyenyunyiziwa chumvi, akihema kwa kasi karibu na pampu. Usiku ule naye akafa. Klauni alikuwa amejibana kwenye kona ya juu, mapezi yameraruka. Domino wawili walikuwa wazima kabisa, wakizunguka tangi kama wenye nyumba.

Nilipima maji kabla ya kusema lolote. Amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, ilikuwa miligramu 1 kwa lita, na kwenye tangi la maji chumvi inatakiwa isionekane kabisa. Joto lilikuwa nyuzi 31 na jua lilikuwa limeshapoa. Chumvi ndiyo iliyonishtua: gramu 43 kwa lita, ilhali bahari yetu ina 35 hivi.

"Maji yanapungua kila siku kama lita moja," Mwalimu akanieleza, "nami naongeza ya bahari. Kilichopungua si ndicho?"

Hapana, na hili huwapata wengi wenye akili zao. Kinachopaa ni maji matupu, chumvi inabaki. Nilimkumbusha mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, alikopeleka wanafunzi wake miaka na miaka: maji ya bahari hutiwa kwenye majaruba, jua huyachukua, chumvi hukaa. Yeye alikuwa akiendesha shamba la chumvi sebuleni. Lita 12 za maji ya bahari kwa siku 12 ni gramu 420 za chumvi zilizoongezwa ndani ya lita 60, yaani gramu 7 zaidi kwa kila lita. Ukianza na 35 unafika 42, na kipimo changu kilisoma 43. Akanyamaza, akachukua kalamu akapiga hesabu mwenyewe. Tangu jioni ile anaongeza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ya kuchujwa, yale yanayouzwa kwa mitungi ya lita 20, na amechora mstari kwenye kioo kuonyesha maji yafike wapi.

Maji yalikuwa na makosa, na tuliyarekebisha. Lakini sikutaka Mwalimu aamini kwamba angekuwa na maji mazuri samaki wale sita wangekaa. Wasingekaa, na hapo ndipo uzito wa kisa hiki ulipo.

Nilimuuliza aliwachaguaje. Akanipa sababu mbili, zote za mtu aliyefikiri. Ya kwanza, wote ni samaki wa hapa hapa, wanavuliwa kwenye miamba ya pwani yetu, basi maji yetu na joto letu wameshazoea. Ya pili, muuzaji alimpa kanuni: sentimita moja ya samaki kwa kila lita mbili. Lita 75 zinabeba sentimita 37, na samaki wake wote sita wakipangwa mstari hawakufika 32.

Sababu ya kwanza ni kweli kwa upande wa maji na si kweli kwa upande wa nafasi. Kanuni ya pili naipinga waziwazi, maana inampima kangaja wa sentimita 6 sawa na gobi, samaki mdogo anayekaa chini mchangani, wa sentimita 6. Gobi huyo ameshamaliza kukua au yuko karibu. Kangaja ni mtoto, atapita sentimita 20, na hata leo akiwa mtoto haishi kwa kukaa. Kutwa anaogelea akila mwani, kutoka jiwe hadi jiwe. Kumtia kwenye sentimita 60 ni kumfanya ageuke kila anapopiga mkia mara mbili. Samaki wa namna hiyo akibanwa kinga yake hushuka, na kangaja hasa ni mwepesi kushikwa na ugonjwa wa madoa meupe unaoletwa na kidudu kiitwacho Cryptocaryon irritans. Yawezekana alikuja nao kutoka kwa muuzaji. Kilichouchochea ni tangi.

Kitatange alikufa njaa. Sikumwona akiwa hai, ila Mwalimu alinionyesha picha kwenye simu, na alikuwa Chaetodon trifasciatus, yule wa mistari myembamba ya zambarau ambaye chakula chake ni nyama ya matumbawe hai. Mwalimu alimtupia vipande vya uduvi kwa siku nane na samaki akavipita kama mchanga. Samaki huyu hafai kuuzwa kwa mtu wa tangi dogo wala kubwa, na kila ninapomwona dukani roho inaniuma. Msafishaji naye ni habari ile ile kwa sura nyingine. Baharini ana kituo chake, na samaki wengine humjia awaondolee wadudu na ute kwenye ngozi. Siku nzima anahudumia wageni. Kwenye tangi lenye samaki watano wageni wenyewe wako wapi? Wengine watadhani angemtibu kangaja. Kidudu cha madoa meupe hujichimbia chini ya ngozi ya samaki, msafishaji hawezi kukifikia kwa namna ya kumponya mgonjwa.

Hao watatu wanajibiwa na swali moja ambalo sasa ndilo namuuliza kila anayetaka tangi dogo: samaki huyu, baharini, siku yake inapita katika eneo gani? Kama anatembea, hata awe mdogo kiasi gani, mwache. Tangi dogo ni la samaki ambaye hata akiwa na bahari nzima mbele yake anaishi kwenye eneo la mkeka.

Mwalimu alilishika haraka, akanigeuzia. "Basi domino ndiye. Mtoto wake haachi jiwe moja la matumbawe, nimewaona nikipiga mbizi nikiwa kijana."

Alisema kweli. Domino mchanga (Dascyllus trimaculatus) hukaa kwenye anemoni moja (kiumbe laini cha baharini chenye vipapasio) au kichwa kimoja cha matumbawe wiki baada ya wiki. Ndiyo maana swali moja halitoshi. Samaki asiyeondoka mahali pake mara nyingi ndiye anayepalinda kwa meno, na eneo la mkeka baharini lina mlango wa kutokea: anayefukuzwa anaondoka hatua mbili, ugomvi unakwisha. Ndani ya kioo anayefukuzwa hana pa kwenda, hivyo anafukuzwa asubuhi hadi usiku. Mapezi ya klauni yaliraruliwa na domino, wala si na ugonjwa. Domino hugharimu kidogo, ana afya ya chuma, anastahimili hata amonia, ndiyo maana wauzaji humpa mtu anayeanza. Miezi sita baadaye mtu huyo ana samaki mmoja tu tangini, naye ni domino. Kwa hiyo swali la pili ni hili: anapokaa, anamfukuza nani?

Na klauni? Huyu ndiye aliyekuwa mgumu kwangu, kwa sababu Mwalimu alishampenda. Amphiprion allardi ni klauni wa pwani ya Afrika Mashariki, mzuri, mgumu, anakula kila kitu. Lakini hufikia sentimita 14, na jike lake likishakomaa lina hasira. Kwenye lita 60 angekuwa domino wa pili. Nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Alikaa kimya muda, kisha akasema, "Nimemtesa mtoto wa watu, sasa nimfukuze?" Nikamwambia ninaye mteja mwenye tangi la lita 400 na anemoni ndani yake, na kwamba klauni huyu na domino wachanga huonekana baharini kwenye anemoni moja. Wote watatu wangehamia huko baada ya matibabu. Akakubali.

Jambo moja aliuliza ambalo nataka lijibiwe hapa: kwa nini tusiwarudishe baharini, maana ndiko walikotoka na bahari iko dakika tano? Kwa sababu walikuwa wamekaa pamoja na samaki mgonjwa, na kabla ya hapo kwenye madeli ya muuzaji pamoja na samaki wa kila mahali. Usirudishe samaki wa tangi baharini, hata akiwa wa pwani yako.

Tuliwaweka watatu kwenye beseni kubwa la plastiki, tukawatibu kwa dawa ya shaba siku 30. Dawa hii haitiwi kwenye tangi lenye mawe na mchanga: inaua kamba, konokono na kila kidudu kisicho na uti wa mgongo, nayo hunywewa na mawe usiweze kuitoa. Tangi lenyewe tukaliacha bila samaki siku 76. Kidudu cha madoa meupe huanguka kutoka kwa samaki, hujifunika kwenye mchanga, hupasuka na kutoa watoto wanaotafuta samaki mwingine. Wasipompata ndani ya siku mbili hivi wanakufa. Lakini vile vifuko havipasuki kwa pamoja, vingine hukawia wiki nyingi, ndiyo maana muda ni mrefu hivyo. Wajukuu walilalamika. Mwalimu aliandika tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya jikoni akaisubiri.

Siku hizo hazikupotea. Chumvi tuliishusha pole pole hadi 35. Amonia ilipanda ikashuka, nitriti ikapanda ikashuka, ikabaki nitrati ambayo huondolewa kwa kubadilisha maji. Ni bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, na wanahitaji kati ya wiki nne na sita kuzaliana vya kutosha. Mwalimu alikuwa ameingiza samaki siku ya nne. Tena amonia katika maji chumvi ni mbaya zaidi, kwa kuwa maji haya yana alkali, na kadiri alkali na joto zinavyopanda ndivyo sehemu kubwa ya amonia inavyokuwa katika hali ya sumu. Nyuzi 31 zilikuwa zikimwongezea tatizo kimya kimya.

Joto tulilishusha kwa feni ndogo inayopuliza juu ya maji: nyuzi 2 hadi 3 zinashuka, bei yake haba. Feni inaongeza kupaa kwa maji, basi mtungi wa yale maji yasiyo na chumvi ukae karibu. Pwani hatuna haja ya kifaa cha kupasha maji joto, na waliomuuzia tangi walimuuzia na hicho.

Mawe nayo. Alikuwa na vipande viwili vya matumbawe alivyopewa na kijana wa ufukweni. Nilimwomba asichukue tena. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa hairuhusiwi kuokota hata kombe, na matumbawe magumu yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe wa porini. Mbadala tulikuwa nao mlangoni. Nyumba za zamani za pwani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe ya nchi kavu, yanayochimbwa machimboni, mepesi, yenye matundu kila upande. Tulichagua masalia ya ujenzi yasiyoguswa na saruji, tukayasugua, tukayaloweka wiki tatu tukibadilisha maji, tukayapanga yawe na mapango mawili na uwazi mbele. Bakteria tuliwapata kwa kuongeza konzi ya mchanga kutoka tangi langu ambalo halijapata ugonjwa.

Siku 76 ziliisha mwanzoni mwa Mei. Masika yalikuwa yanamwagika na kusi imeshaingia. Wanaovua samaki wa mapambo hupiga mbizi, na kusi ikivuma maji huchafuka, hawatoki kila siku, samaki ni wachache. Mwalimu aliona ni mkosi. Kwangu ilikuwa heri, maana hakuna aliyeweza kununua sita kwa siku moja hata angetaka.

Wa kwanza kuingia, katikati ya Mei, alikuwa gobi mlinzi na kamba wake. Kama ningeruhusiwa kuweka samaki mmoja tu katika tangi dogo la mtu, ningemweka huyu. Kamba huyu ni wa jamii ya Alpheus, mwenye gando moja kubwa linalopiga kishindo unachokisikia hadi jikoni, lakini macho yake ni hafifu. Anachimba shimo kutwa, anasukuma mchanga kama tingatinga. Gobi hukaa mdomoni mwa shimo akilinda. Kamba akitoka huweka kipapasio kimoja juu ya samaki. Gobi akitikisa mkia, kamba anarudi ndani. Hatari ikizidi, wote wawili wanaingia. Maisha yao yote yako kwenye eneo la sinia. Hapo swali la kwanza linajibiwa lenyewe, na la pili pia: hamfukuzi yeyote ila gobi mwenzake.

Wiki ya pili ya Juni akaja Nemateleotris magnifica, ambaye nitamwita samaki-moto: mbele mweupe, nyuma anawaka wekundu, na pezi moja refu mgongoni analolipandisha na kulishusha kama bendera. Anapatikana kuanzia pwani yetu hadi Pasifiki, hufikia sentimita 9, huelea karibu na tundu lake akidaka vijidudu vinavyopita. Mmoja tu. Wawili wasio mke na mume watauana. Ni mwoga, kwa hiyo lazima aingie kabla ya wenye nguvu, apate tundu na kulizoea. Yeye na gobi ni warukaji, na samaki wengi wa aina hii huokotwa sakafuni asubuhi wakiwa wakavu. Tulitengeneza kifuniko kwa wavu wa mbu wa dirishani na fremu ya alumini. Kioo kizima kingezuia hewa na kuongeza joto.

Wa mwisho walikuwa klauni wawili wachanga wa aina nyingine, Amphiprion akallopisos, rangi ya waridi iliyochanganyika na machungwa, na mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni kuanzia kichwani hadi mkiani. Hawa wanapatikana pwani yetu pia, hufikia sentimita 11, nao ni wapole kwa kipimo cha klauni. Tuliwangoja hadi Agosti. Nilikataa jozi ya kwanza aliyoletewa kwa sababu mmoja alikuwa na ute mweupe ubavuni na anahema. Klauni waliovuliwa baharini hushikwa na Brooklynella, kidudu kingine cha ngozi, kinachoua ndani ya siku chache. Jozi ya pili tuliiweka karantini mwezi mzima kwenye lile beseni. Tulichagua mmoja mkubwa kuliko mwenzake kwa makusudi: klauni wote huanza wakiwa madume, na mkubwa ndiye hugeuka jike. Ukichukua wawili wa kimo kimoja watapigania nafasi hiyo.

Anemoni hatukuweka, ingawa wajukuu walililia. Inahitaji mwanga mkali, maji yaliyotulia kwa miezi mingi, na ikitembea ikanaswa kwenye pampu inachafua tangi zima kwa saa chache. Katika lita 60 sitaiweka. Klauni wanaishi vizuri bila hiyo. Hawa wa Mwalimu wanalala kwenye kona nyuma ya jiwe la kushoto.

Hivyo samaki ni wanne na kamba mmoja. Wanakula uduvi mbichi uliogandishwa na kukatwa punje ndogo, mara mbili kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika mbili. Kila Jumamosi lita 8 za maji zinabadilishwa. Kiangazi Mwalimu anateka maji ya bahari wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa, mbali na mikono ya bahari ya Tudor na Mtwapa. Masika hatumii ya ufukweni kabisa, mito inayazimua na kuyachafua. Anachanganya chumvi ya dukani, gramu 35 kwa lita, na kupima. Umeme ukikatika usiku anawasha pampu ndogo ya hewa ya betri, kwa kuwa maji ya moto hushika oksijeni kidogo.

Januari nilipita kumwona. Nitriti na amonia sifuri, chumvi 35, joto nyuzi 28 adhuhuri. Alikuwa na ombi: ameona dukani kitatange kibete wa kwetu, Centropyge acanthops, kichwa na mgongo rangi ya chungwa, tumbo la buluu, sentimita 8 tu akikomaa. "Huyu ni mdogo, na ni wa hapa. Na nimeuliza maswali yako yote mawili."

"Umepata jibu gani, Mwalimu?"

"La kwanza, anazunguka akidonoa mwani kwenye mawe siku nzima. Eneo lake si mkeka, ni chumba." Akasita. "La pili sijui, ila nadhani samaki-moto hatalipenda jibu."

Hatukumnunua. Tulikaa tukimtazama kamba akisukuma mchanga, na gobi mlangoni, hadi Mama alipotuita kwenye chai.